Shukrani kwa mzee aliyenishika mkono nisitoboe

Shikamoo, mzee wangu wa karakana ya Keko. Hukutaka nikutaje jina, nami natii, lakini gitaa la umeme nililolichonga kwa mninga, la kwanza maishani mwangu, lingekuwa kuni leo kama usingenishika mkono nikiwa nimekwisha kuwasha drili ili nitoboe matundu ya daraja, yaani kile kipande cha kwenye mwili wa gitaa kinachoshikilia nyuzi. Uliweka futi kamba kwenye shingo ya gitaa, ukanionyesha kwamba kutoka kwenye kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi upande wa kichwa hadi freti ya 12 (vile vyuma vya shingoni vinavyogawa sauti) ni milimita 324, nayo ni nusu ya uzi, hivyo daraja lazima likae mara mbili yake, kwenye 648, na zaidi kidogo kwa uzi mnene. Mimi nilikuwa nimepiga alama kwenye 630. (Nani angejua kwamba seremala huyu ni mpiga solo mstaafu?) Soda uliyoikataa bado inakusubiri.