Tupime pia ozoni, si vumbi pekee

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu ukungu wa moshi mijini imelaumu vumbi na masizi bila kulitaja jua. Naitrojeni dioksaidi iliyomo katika moshi wa magari hupasuliwa na mwanga wa jua. Atomu ya oksijeni inayochomoka huungana na oksijeni ya hewani na kuwa ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Mvuke wa petroli na wa rangi za kupaka huifanya irundikane. Mwanakemia Arie Haagen-Smit alilieleza jambo hili huko Los Angeles tangu miaka ya 1950!

Mamlaka zipime ozoni, hasa mchana wa jua kali, na zitangaze viwango siku hiyohiyo ili wagonjwa wa pumu wajikinge. Ukaguzi wa moshi wa magari nao uwe wa lazima.

Msomaji wenu