Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miruka Ibaki Kihambani

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, salaam.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na kila mmoja ana nakala mkononi. Mimi nitakaa zaidi kwenye miruka, miti ya kivuli cha kahawa katika vihamba, mashamba yetu ya nyumbani hapa Kilimanjaro, maana ndiyo iliyotubishanisha tangu masika.

Mnajua yalivyoanza. Tulipogawa miche ya kahawa chotara inayostahimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani, kazi nzuri ya watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, baadhi yetu waliangusha miruka ili miche ipate jua. Mbao zina bei, na mwenye ada za shule simlaumu. Lakini miche ile ilitafutiwa kinga ya magonjwa. Hakuna aliyetuambia tuivue kivuli.

Septemba kamati ilitembelea kihamba kilichobaki kahawa na migomba michache tu. Mwenyewe alitupeleka kwenye shina lenye majani ya njano. Chini yake ulimwagika unga kama wa msumeno. Tulipochana gome, bungua, funza anayetoboa shina la kahawa, alikuwa ndani, mweupe, amejaa. Ng'ambo ya masale ya mpaka, kwa jirani mwenye miruka miwili mikubwa, ukishika udongo unashikana. Shina moja si utafiti, najua.

Ila utafiti upo, tena wa mlima huu huu. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanyika kwenye vihamba, mashamba ya kivuli na mashamba ya jua, ambako mikahawa mingine ilizuiwa isifikiwe na ndege na popo, na maua mengine yakazuiwa nyuki. Pale ndege na popo walipoachwa waingie, matunda yalishika zaidi kwa asilimia 9. Nyuki walipofika, tunda lilikuwa zito zaidi kwa asilimia 7.4. Hata mashamba ya jua yalifaidika, na mimi naamini ni kwa sababu bado yana miti jirani. Tukiikata sote, hao ndege watalala wapi?

Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha kwamba joto la usiku likipanda nyuzi 1, kahawa ya Tanzania hupungua kilo 137 kwa hekta. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya kilo 60. Naye mtafiti wa mimea Andreas Hemp, aliyehesabu aina zaidi ya 500 za mimea katika vihamba vyetu, alionya tangu 2006 kwamba bei ndogo ya kahawa, uhitaji wa mbao na aina za kahawa zinazovumilia jua vitaviua. Nilipoyasoma niliona kama alikaa kwenye kikao chetu cha Aprili.

Wanaosema kivuli kikizidi ni hasara wana haki. Mti usiopogolewa hufungia unyevu, magonjwa yakapata makao na maua yakawa haba. Kwa hiyo tupogoe. Misumeno miwili ya kupogolea iko kwa katibu, inaazimwa bure. Mbao tuzitafute kwenye migrevilea ya mpakani. Mruka tuuache katikati, maana majani yake huoza upesi na mizizi yake huirutubisha ardhi.

Kitalu kilitusumbua. Mfongo, mfereji wetu wa maji, ulikatika mara mbili na miche mingi ikakauka. Iliyopona ni jasho la akina mama waliobeba maji kwa ndoo, na nawashukuru mbele yenu wote. Msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wa kuziba mfongo utafanyika kabla ya mvua, na safari hii vijana waje na majembe yao.

Jambo la mwisho ni daftari. Tulikubaliana kila mtu aandike debe za kahawa mbivu alizochuma na idadi ya miti ya kivuli aliyonayo. Waliorudisha ni wachache mno, na bila hizo tutaendelea kubishana kwa kukisia. Zirudishwe kwa katibu kabla mavuno hayajaanza Julai.

Miche ya miruka iko nyuma ya ofisi. Kila mwanachama achukue miwili akitoka.