Mizinga ya Fort Jesus isipakwe rangi juu ya kutu

Mhariri,

Naandika kuhusu utunzaji wa mizinga miwili ya Vita Kuu ya Kwanza iliyopo Fort Jesus, Mombasa. Mmoja ulitoka HMS Pegasus, meli ya kivita ya Uingereza iliyopigwa ikiwa imetia nanga Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili, wa sentimita 10.5, ni wa Königsberg, meli ya kivita ya Ujerumani iliyoipiga. Königsberg ilipozama katika delta ya mto Rufiji mwaka 1915, Wajerumani waliiopoa mizinga yake, wakaitia magurudumu na kupigana nayo nchi kavu. Leo mahasimu hao wako pamoja, tena karibu na bahari, na hapo ndipo penye hatari.

Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, rangi ikatunga malengelenge, kutu ikala kwa ndani bila kuonekana. Kwa hiyo kwanza mizinga ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe kabisa, kutu ikwanguliwe, ndipo ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Mtutu uinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasituame ndani, na kitasa cha nyuma, yaani sehemu inayofunga mtutu, kipakwe grisi. Naomba wahusika waweke ratiba ya kuosha kila mwezi, hasa wakati wa kusi, pamoja na kibao cha Kiswahili chenye historia hii.

Msomaji,
Mombasa