Mwanangu, usiulize sukari peke yake

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kila ukipiga simu kutoka Maskati, neno lako la mwanzo ni "Mama, sukari ya baba leo ngapi?" Nikikwambia 6.2, na presha 130 kwa 80, nakusikia unashusha pumzi, unasema alhamdulillahi, unarudi kazini. Najua ni mapenzi. Lakini kuna jambo siwezi kukueleza kwenye simu, maana babaako huwa amekaa ubavuni pangu anasikiliza.

Namba hizo zilikuwa nzuri mwaka mzima, na mwaka huohuo babaako hakuwa mzima.

Karafuu zilianikwa uani, asitoke hata kuzitazama. Kahawa ya barazani kaiacha. Nikadhani ni utu uzima. Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi miaka 31, niliyekuwa nikimpima kwa mkono wangu kila asubuhi na kuandika kwenye daftari, sikuona. Linaniuma mpaka leo.

Aliyeona ni binti mmoja muuguzi wa kliniki ya kisukari, rika lako. Alimletea karatasi ya maswali 5: kutembea, kujiosha na kuvaa, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mwisho kuna mstari uliosimama kama rula, chini 0, juu 100, na hiyo 100 ni afya bora kabisa unayoweza kuifikiria. Dodoso hilo linaitwa EQ-5D, kazi ya kundi la wataalamu lililoanzia Ulaya mwaka 1987. Nilichokipenda ni kuwa anayeulizwa ni mgonjwa mwenyewe, wala si daktari wake wala mke wake.

Babaako akavaa miwani. Akakipitisha kidole kwenye mstari polepole, kama anayetafuta aya, akakisimamisha kwenye 35.

"Thelathini na tano, na sukari yako hii?" nikamwambia.

Hakunijibu mimi, alimjibu yule binti. Alisema magoti hayamruhusu kuinama akaosha miguu kwenye udhu. Nyayo zimeingia ganzi, na mara 2 ameteleza kwenye ngazi za msikiti mbele za watu. Ndipo akaanza kusali nyumbani. Na akisali nyumbani hapiti barazani, na asipopita barazani hana wa kuzungumza naye ila mimi, nami nikifungua mdomo ni kumuuliza dawa.

Tulipokuwa chuoni tulikaririshwa Katiba ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 1946: afya ni kuwa mzima kabisa kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Nimeyajibu hayo kwenye mtihani nikapata alama zote. Na kumbe neno tunalo mdomoni kila siku. Nazi nzima haijavunjwa, mkate mzima haujakatwa, tukimuuliza mtu "u mzima?" tunamuulizia yote yaliyomo ndani yake. Tukimwambia "hujambo?" tunataka kujua kama hana jambo. Jambo la babaako lilikuwa ngazi 3 na bomba la udhu.

Mjomba wako akaenda kuzungumza na watu wa msikiti, wakatia chuma cha kushikia kando ya ngazi. Kwenye bomba kikawekwa kiti cha plastiki, na ndani kiti cha kusalia, pembeni ya safu. Mimi nikamtafutia viatu vya kufunika vidole, na kila usiku namkagua nyayo kwa tochi, maana mguu wenye ganzi hukatwa usijue. Baada ya miezi 4 alipewa karatasi ileile. Kidole kikasimama kwenye 70. Sukari ni ileile, magoti ni yaleyale.

Sasa wewe. Shirika la Afya Duniani wana dodoso lao, WHOQOL-BREF, maswali 26. Linauliza usingizi, marafiki, pesa, nyumba unayokaa, nafasi ya kupumzika. Nilipolisoma nilikufikiria wewe kuliko babaako. Unanipigia saa 7 za usiku ukitoka kazini, sauti imekauka. Sijakusikia ukitaja rafiki tangu mwezi wa Ramadhani. Ulikuwa mtoto wa kushinda baharini, na hapo ulipo bahari ipo, umeingia lini? Pesa zinafika, Mungu akubariki, lakini mwezi huu punguza zamu moja ulale.

Piga Ijumaa baada ya Alasiri, babaako atakuwa ametoka barazani. Muulize nani kafungwa bao. Nami uniambie kidole chako, ukikiweka kwenye ule mstari, kinasimama wapi.

Wasalaam,
Mamaako