Barua kwa mwanangu Zuhura, kabla hujapanda basi la Tunduru

Mwanangu Zuhura,

Nakuandikia kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utaitika "ndiyo baba" huku unafunga mabegi. Umesema chumba ulichopata karibu na shule utakayofundisha ni kimoja lakini kikubwa, na kwamba pembe ya dirishani utaifanya ya kuchorea picha zetu za Tingatinga. Tangu uliposema hivyo sina raha. Usilale na rangi. Nasri ana miaka 2 na kila anachookota anakitia mdomoni.

Chumba cha Msasani tulicholala na rangi unakijua, sirudii. Kile kikohozi chako mimi nilikiita vumbi la barabara.

Rangi yetu ya kopo hukauka mara mbili. Kwanza kile kilichoilainisha hupaa hewani, halafu mafuta yanayobaki hunywa hewa na kugeuka magumu. Ukigusa haishiki kidole, unadhani imekwisha kukauka, kumbe ubao wa sentimita 60 kwa 60 bado unatoa mvuke. Kwa hiyo paka rangi barazani, na ubao ulale nje chini ya mapaa, umefunikwa boksi lisiloigusa rangi. Masika yakija usiuingize ndani kwa kuhofia unyevu. Afadhali ukose mauzo ya wiki. Usizimue kwa petroli hata siku moja. Mafuta ya taa nayo huchelewesha rangi kukauka, huua mng'ao, na wewe unabaki unavuta hewa ile ile siku mbili zaidi. Nunua tapentaini, kijiko 1 kwa vijiko 10 vya rangi kinatosha. Na usipake nene ili umalize haraka: juu hufunga ngozi, chini hubaki mbichi, kisha ubao wote hujikunja kama uso wa maziwa yaliyopoa.

Harufu angalau inajitangaza. Risasi, yale madini ya sumu yanayotiwa kwenye rangi, hainuki. Njano, rangi ya chungwa na nyekundu za kopo ndizo zilizozoeleka kutiwa madini hayo, na kopo kuukuu lililofutika maandishi usilichukue hata ukipewa bure. Ubaya mkubwa uko kwenye msasa. Ukisugua ubao wa zamani mkavu, lile vumbi linakaa sakafuni, na sakafuni ndiko anakocheza mtoto. Lowesha msasa, futa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Badili nguo kabla hujambeba. Mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Na wewe bado unazaa: risasi hujificha mifupani, ukishika mimba inatoka na kumfuata mtoto. Haya yalikuwa ya mama yako kukwambia, lakini bado amenuna kwa kuwa unakwenda mbali.

Darasani makopo yasiingie kabisa. Wanafunzi wapikie uji wa muhogo wa kuchanganyia rangi. Unga kikombe 1, koroga kwa kikombe 1 cha maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, koroga mpaka uone unang'aa. Ukipoa, gawa kwenye vikopo, tia udongo mwekundu au mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kanga kuukuu. Uji mzito mno hufanya rangi ipasuke na kubanduka, mwepesi mno rangi hufutika kwa kidole. Pika wa siku moja tu, kesho yake unachacha. Manjano ya jikoni inapendeza lakini jua huila upesi. Chokaa ya kupakia ukuta usiwape, inachoma macho.

Unakwenda wilaya aliyozaliwa mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji wetu huu. Alianza kuchora mwaka 1968 na 1972 akafa. Kwa muda mfupi hivyo, kazi yake imefika hapa kwa sababu aliwakalisha ndugu zake na kuwaelekeza mkono kwa mkono. Wewe una wanafunzi darasa zima, usiwageuze wapaka rangi ya nyuma ya picha zako. Na wasianze na tembo wako, waanze na mkorosho ulio nje ya dirisha. Kila mtoto aandike jina lake kwenye kazi yake, kwa mkono wake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mwaka jana ulikubali mtu asaini zile mbao zako 6 kwa kuwa yeye ana wateja. Hukuniuliza. Vitone vya yule kanga wako vimelingana kuliko vyangu, na sasa viko ukutani kwa watu kwa jina la mwingine.

Vitambaa vyenye rangi usivirundike pembeni, huweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke. Ukituma picha za kitambaa Dar, ngoja mpaka zikauke sawasawa, zikunje mviringo na rangi iwe upande wa nje.

Godoro la Nasri nimemaliza kulipa, lichukue dukani leo kabla ya magharibi. Ada ya Juma usiitume mwezi huu, ongeza kwenye kodi. Tafuta vyumba viwili, Zuhura, hata kama cha pili ni banda la mabati lisilo na sakafu. Fundi atakuwa nafuu kabla ya msimu wa korosho. Tapentaini lita 2 nimeziweka nyuma ya mlango wa stoo, kizibo nimekaza kwa waya. Usizipakie na chakula cha mtoto.

Baba yako