Vifaru vyetu Jumamosi hii

Habari zenu wapendwa. Tunakutana kupaka rangi vifaru vyetu vidogo vya mfano Jumamosi saa 4 asubuhi, Sinza, barazani pale pale. Mchango wa rangi ni Sh 5,000, kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

1. Njoo na vifaru vitano vilivyokwisha kupigwa prima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine. Piga siku kavu. Unyevu wa Dar huiachia rangi ya kopo la kupuliza chengachenga.
2. Tutapaka kwa mkupuo: rangi moja kwa vyote vitano, ndipo ya pili. Muda mwingi unaokolewa hapo.
3. Uchakavu, yaani kuvifanya vionekane vimetumika: sponji yenye kahawia nzito, iguse kingo na mifuniko tu, wanapokanyaga askari. Tope liwe la mwisho, kwenye minyororo. Tafadhali tusizidishe, hapa ndipo kazi nzuri huharibika.

Anayekuja aandike “NIPO” leo.