Ngoma ya Nishimonai

Akita, Japani, 20 Agosti

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Tangu arobaini ya mama nimekuwa na wewe moyoni, na wiki hii nimeona jambo ambalo sina budi kukusimulia.

Katikati ya Agosti Wajapani wengi huwa kwenye Obon, siku ambazo huamini roho za wazee wao zinarudi nyumbani. Huwasha moto mlangoni kuzipokea. Wengine huweka tango na biringani zilizochomekwa vijiti kama miguu: tango ni farasi, ili mgeni afike upesi, biringani ni ng'ombe, ili aondoke polepole. Hiyo ya ng'ombe ilinichoma moyo.

Basi nikaenda mji wa Ugo, kwenye ngoma ya Nishimonai, inayochezwa tarehe 16 hadi 18. Barabarani kuni zinawaka, wapiga ngoma na filimbi wako juu, na chini wachezaji wanazunguka kwa mlolongo mrefu, vidole vimepinda kwa madaha. Nyuso huzioni kabisa. Wengine wamevaa kofia za majani zilizoinama hadi kidevuni, wengine wamejifunika kitambaa cheusi chenye matundu mawili ya macho. Ukitazama unashindwa kujua yupi ni wa hapa na yupi amerudi. Tena nyimbo zake nyingine zina utani, watu wanacheka! Wewe uliyewaona watani wetu msibani utaelewa haraka kuliko mimi.

Mwaka 2022 UNESCO iliiingiza ngoma hii, pamoja na nyingine za jamii yake, kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Wanastahili. Ila mimi macho yangu yalibaki kwenye nguo. Wanawake huvaa kimono iliyoungwa kwa vipande vya hariri kuukuu, kushoto na kulia vikilingana. Mama mmoja alipopumzika alinionyesha begani, hariri nyekundu iliyopauka, mishono midogo ya mkono. Ya bibi yake, akasema, akaipapasa, kisha akarudi kwenye mlolongo.

Shoga, zile kanga za mama usizigawe zote. Najua ndugu wanaomba, na kuwanyima ni vigumu. Weka hata mbili, uzivae.

Niandikie unaendeleaje, unalala vizuri? Wabusu watoto.

Ni mimi, shoga yako akupendaye.